Kabla hujabatizwa, kabla hujawacheka: Hoja za waliookoka dhidi ya Wamormoni zina uzito gani?

UKIISHI Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret, bila shaka ushawaona. Vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, wakitembea kwa miguu hata jua likiwaka vipi. Mmoja labda ametoka Utah, mwenzake Kakamega au Kampala. Beji inamwita ‘Elder’, yaani mzee, na mwenyewe ana miaka 19 tu. Wanakusalimia kwa adabu, wanaomba dakika chache za muda wako, wanakupa kitabu cha bure.

Sasa ukifika kwako uandike jina la kitabu hicho kwenye simu, utakutana na dunia nyingine kabisa. Video moja inasema hawa si Wakristo. Nyingine inasema wana wake wengi. Ya tatu inacheka nguo zao za ndani. Na ukithubutu kutaja habari hiyo kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, shangazi yako aliyeokoka atakutumia sauti ya dakika saba akikuonya uwakimbie.

Nani anasema kweli? Swali hili si la mchezo. Pengine rafiki yako wa chuoni anajiandaa kubatizwa Jumamosi ijayo. Pengine mpenzi wako ni wa kanisa hilo na wazazi wako wameapa hakuna harusi. Ama ni wewe mwenyewe: umekaribishwa vizuri, watu wanakusikiliza, huitishwi mbegu ya elfu tano, na unajiuliza mbona kila mtu anakutisha.

Basi tuketi tuzipekue hoja zenyewe moja baada ya nyingine. Ziko zenye mashiko. Ziko pia za kuokotwa.

Stori yenyewe kwa ufupi

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont, Marekani, akalelewa na wakulima wasio na kitu karibu na mji wa Palmyra, New York. Enzi hizo eneo hilo lilikuwa na pilkapilka za mahubiri kama mitaa yetu mingi siku ya Jumapili. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri waling'ang'ania waumini wale wale. Smith alisimulia kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni kumwuliza Mungu ajiunge na kanisa lipi. Akasema alitokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo, akaambiwa asijiunge na lolote kwa sababu yote yalikuwa yamepotoka.

Hapo simama kidogo. Watu wengi hudhani ni makanisa ya kiinjili yaliyoanza kuwachokoza Wamormoni. Ukweli ni kwamba imani hii ilizaliwa ikiwaambia wengine wote kwamba wamepotea njia. Ndiyo maana mabishano yana hasira namna hii: kila upande unahisi ndio uliotukanwa kwanza.

Mwaka 1823, kwa maelezo yake, malaika aitwaye Moroni alimwonyesha mahali palipozikwa mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya kale. Aliyachukua 1827, na mwaka 1830 Kitabu cha Mormoni kikachapishwa Palmyra, nakala 5,000. Tarehe 6 Aprili mwaka huo kanisa likaanzishwa.

Waumini walihama kutoka New York hadi Ohio, kisha Missouri, kisha Illinois, na mara nyingi walifukuzwa. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba waangamizwe au watolewe jimboni, na siku tatu baadaye watu 17 wakauawa mahali paitwapo Haun's Mill. Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa jela mjini Carthage, tarehe 27 Juni 1844. Brigham Young akawaongoza wengi hadi Utah mwaka 1847. Huko nako, mwaka 1857, wanamgambo wa Kimormoni waliua wasafiri wapatao 120 katika bonde la Mountain Meadows. Kwa hivyo damu imemwagika pande zote mbili.

Leo Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo ndilo jina lake rasmi, lina zaidi ya waumini milioni 17 duniani. Kenya lilitambuliwa kisheria mwaka 1991, na mwaka 2025 likafungua hekalu lake la kwanza nchini, jijini Nairobi.

Msitu, jiwe na kofia

Hoja ya kwanza ya wakosoaji inahusu mwanzo wenyewe. Smith aliacha zaidi ya simulizi moja ya maono yale ya msituni. Ya mwaka 1832, ambayo ndiyo ya mapema zaidi, inazungumzia zaidi kusamehewa dhambi na haiwatenganishi waziwazi Baba na Mwana kama inavyofanya ile rasmi ya 1838. Waraka huo wa 1832 haukujulikana na umma hadi miaka ya 1960. Wakosoaji wanauliza: mtu akitokewa na Mungu Baba kwa macho, atasahauje kumtaja?

Watetezi wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema kuongoka kwa Paulo pia kumesimuliwa mara tatu katika Matendo ya Mitume, na maelezo hayalingani kila mahali. Mtu husimulia jambo kulingana na anayemsikiliza. Wewe pia ukisimulia ulivyopata kazi, stori unayompa mama si ile unayowapa wasee wa baze.

Hoja iliyo na makali zaidi ni ya jiwe. Kabla ya Kitabu cha Mormoni, Smith alijulikana kijijini kama kijana anayetazama jiwe ili kutafuta hazina zilizofichwa ardhini. Mwaka 1826 alipelekwa mbele ya hakimu huko Bainbridge, New York, kwa sababu ya kazi hiyo. Kwa muda mrefu watetezi walisema kisa hicho ni uzushi. Kisha mwaka 1971, Wesley Walters, mchungaji wa Kipresbiteri, akachimbua stakabadhi za kaunti zilizokuwa zimewekwa kwenye chumba cha chini cha jela ya zamani, akapata bili ya hakimu yenye jina la Joseph Smith na kazi aliyoshtakiwa nayo. Mabishano yakabadilika siku hiyo, kwa karatasi moja tu.

Na jiwe halikuachwa nyuma. Mashahidi wa karibu, akiwemo mkewe Emma, walieleza kwamba alipokuwa akitafsiri Kitabu cha Mormoni aliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo na kusoma maneno kwa sauti huku mwandishi akiandika. Michoro ya kanisa kwa miaka mingi ilimwonyesha akisoma mabamba mezani kama msomi. Mwaka 2015 kanisa lenyewe lilichapisha picha za jiwe hilo.

Lakini usisahau upande wa pili wa mzani. Watu watatu walitia sahihi kwamba walionyeshwa mabamba na malaika: Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris. Wote watatu walikosana na Smith na kutoka kanisani. Wawili walirudi baadaye, Whitmer hakurudi. Hakuna aliyekana ushahidi wake. Mkosoaji mwaminifu hukutajia na hilo.

Farasi, chuma na DNA

Kitabu cha Mormoni kinasimulia familia iliyotoka Yerusalemu karibu miaka 600 kabla ya Kristo, ikavuka bahari hadi Amerika, ikazaa mataifa mawili yaliyopigana kwa karne nyingi. Katikati ya stori hiyo Yesu mfufuka anawatembelea.

Wakosoaji wanauliza mambo mawili. Kwanza, kitabu kinataja farasi, ngano na chuma cha pua katika Amerika ya kale. Wanasayansi wanasema farasi walikuwa wametoweka huko maelfu ya miaka kabla, hadi Wahispania walipowaleta tena. Pili, uchunguzi wa chembe za urithi unaonyesha kwamba asili ya wenyeji wa Amerika ni Asia, si Mashariki ya Kati.

Kanisa limejibu kwa kusema kwamba kikundi kidogo kikichanganyika na watu wengi chaweza kupoteza alama zake za DNA. Ni jibu linalowezekana. Lakini angalia kilichobadilika: utangulizi ulioongezwa kwenye kitabu mwaka 1981 ulisema watu hao ndio mababu wakuu wa wenyeji wa Amerika. Kufikia 2007 maneno yalikuwa yamepunguzwa, wakawa miongoni mwa mababu tu. Utangulizi si maandiko, ni kweli, ila mtu yeyote anaona kwamba dai limerudi nyuma hatua kadhaa.

Muumini aliyeokoka hupenda kuongeza kwamba Biblia haina shida hii, kwa kuwa Yerusalemu ipo na Mto Yordani upo. Hapo ni vyema atulie. Kuwepo kwa Yerusalemu hakuthibitishi muujiza wowote uliotendeka Yerusalemu. Na wapo wanaakiolojia wanaouliza maswali magumu kuhusu Kutoka Misri na kuta za Yeriko. Kipimo unachompimia jirani yako kitaletwa pia mlangoni pako.

Mafunjo ya Misri

Ukiniuliza hoja iliyo ngumu zaidi kujibiwa, nitakuambia ni hii.

Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, alipita mfanyabiashara akionyesha maiti zilizokaushwa za Misri pamoja na karatasi za mafunjo. Smith na wenzake wakazinunua. Akasema maandishi hayo yana maneno ya Abrahamu mwenyewe, akayatafsiri, yakachapishwa 1842. Leo Kitabu cha Ibrahimu ni sehemu ya maandiko matakatifu ya kanisa hilo, ndani ya Lulu ya Thamani Kuu.

Enzi hizo ni watu wachache mno duniani walioweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Nani angempinga? Mafunjo yenyewe yakadhaniwa yaliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Kisha Novemba 1967, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likalikabidhi kanisa vipande 11 lililokuwa navyo, kimojawapo kikiwa na mchoro ule ule uliochapishwa kwenye Kitabu cha Ibrahimu.

Wataalamu wa Misri walivisoma. Vilikuwa maandishi ya maziko, ya kumsaidia marehemu katika safari yake ya ahera, na viliandikwa karne nyingi baada ya wakati wa Abrahamu. Abrahamu hayumo.

Katika makala rasmi iliyowekwa kwenye tovuti ya kanisa mwaka 2014, kanisa linakubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na Kitabu cha Ibrahimu. Linatoa njia mbili za kuelewa: huenda sehemu iliyotafsiriwa ndiyo iliyopotea, au huenda mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Wewe uamue kama yanakutosha. Ila ukikutana na mtu anayekuambia stori hii ni uongo wa maadui, mwelekeze kwenye makala ya kanisa lake mwenyewe.

Suala la wake

Tuondoe uongo mmoja kwanza. Kanisa hili leo haliruhusu wake wengi. Rais wake Wilford Woodruff alitangaza mwaka 1890 kwamba ndoa hizo zikome, tangazo la pili likafuata 1904, na leo anayeoa mke wa pili hufukuzwa. Familia unazoziona kwenye filamu za runinga, mume mmoja na wake wanne, kwa kawaida ni za vikundi vilivyojitenga.

Lakini historia ipo. Kanisa lenyewe, tena mwaka 2014, lilieleza kwamba Joseph Smith alioa wanawake kati ya 30 na 40. Baadhi yao walikuwa tayari wana waume. Mdogo zaidi, Helen Mar Kimball, alikuwa miezi kadhaa kabla ya kutimiza miaka 15.

Kwa msomaji wa Kenya, wake wengi si habari ya kushangaza. Babu yako pengine alikuwa nao watatu, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa hizo za kimila. Ndiyo maana hoja ikisimama kwenye idadi peke yake haina nguvu sana huku kwetu, na vilevile Abrahamu na Daudi hawakuwa na mke mmoja. Uzito uko kwingine: siri. Babu alioa mchana, ng'ombe wakihesabiwa na ukoo mzima ukila. Smith alifanya kwa kificho, mara nyingine mkewe Emma asijue, na hadharani akakana. Mnamo Juni 1844 watu waliokuwa wafuasi wake walichapisha gazeti, Nauvoo Expositor, wakifichua jambo hilo. Smith alikuwa meya, na kwa amri ya baraza la mji mtambo wa gazeti ukaharibiwa baada ya toleo moja tu. Mgogoro uliotokana na uharibifu huo ndio uliompeleka jela alikouawa.

Kiongozi wa dini anayewafungia mdomo wanaofichua maisha yake ya chumbani ni jambo la kuuliza maswali, awe wa Illinois 1844 au wa mtaani kwenu mwaka huu.

Na ngozi yako je?

Hoja hii inakuhusu wewe moja kwa moja. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Kiafrika hawawezi kupewa ukuhani, ingawa kulikuwa na mtu mweusi, Elijah Abel, aliyekuwa amepewa tangu 1836, Smith akiwa hai. Katika kanisa ambalo karibu kila kijana wa kiume hupewa ukuhani, katazo hilo lilimaanisha pia kutoingia katika ibada za juu za hekaluni. Liliwagusa wanawake weusi vilevile. Lilidumu hadi Juni 1978, yaani miaka 126. Kenya ilikuwa na karibu miaka 15 ya uhuru na bado Mkikuyu au Mluo asingeweza kuwa kuhani katika kanisa hilo.

Mwaka 2013 kanisa lilichapisha makala ikikana nadharia zote za zamani zilizotumiwa kulitetea katazo hilo, ikiwemo ile ya kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Ni hatua kubwa. Wakosoaji wanauliza swali moja lililobaki: kama manabii wanaongozwa na Mungu, waliwezaje kukosea jambo hili kwa zaidi ya karne?

Ni swali la haki. Lakini ukisikia likiulizwa na mhubiri wa kiinjili kutoka kusini mwa Marekani, nawe muulize lake. Muungano wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa zaidi la Kiprotestanti nchini humo, ulianzishwa 1845 kwa sababu ulitetea wamiliki wa watumwa kuwa wamisionari. Uliomba msamaha mwaka 1995. Stori ya laana ya Hamu ilihubiriwa kwenye mimbari nyingi za Kiprotestanti kabla haijafika Utah.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa mbali hawalijui. Katika Ghana na Nigeria kulikuwa na Waafrika waliosoma vitabu vya kanisa hili, wakaamini, wakaanzisha vikundi vyao na kuandika barua Utah kuomba wabatizwe, miaka mingi kabla ya 1978. Walijua kuhusu katazo, wakasubiri. Unaweza kuona kwamba walikosea, lakini huwezi kusema walidanganywa na mzungu mwenye beji. Yeye hakuwa amefika bado.

Mungu yupi?

Kwa muumini aliyeokoka, historia yote hiyo ni utangulizi tu. Mzizi wa ugomvi ni mafundisho.

Wakristo wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, wanafuata mafundisho ya Utatu: Mungu mmoja katika nafsi tatu. Wamormoni wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu tofauti, walio na nia moja. Wanafundisha pia kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Katika mahubiri ya Aprili 1844, Smith alisema Mungu aliwahi kuwa kama binadamu, na kwamba binadamu wanaweza kukua wafanane naye. Kwa mwinjilisti, hapo mstari umevukwa. Muumba hakuwahi kuwa kiumbe, na kiumbe hatawahi kuwa Muumba.

La pili ni maandiko. Kando ya Biblia wana Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu, na nabii aliye hai. Wakosoaji hukimbilia Wagalatia 1:8, pale Paulo anapoonya juu ya malaika anayeleta injili tofauti. Ukisikia ‘malaika Moroni’ kisha usome aya hiyo, utaelewa kwa nini inatajwa katika karibu kila mjadala.

La tatu ni wokovu. Kitabu cha Mormoni kina mstari unaoiweka neema baada ya juhudi za mtu, na wakosoaji wanasema huo ni wokovu wa matendo. Wamormoni wengi leo watakuambia wanategemea neema ya Yesu kama wewe tu. Wanaongeza kwamba kuna daraja tatu za utukufu mbinguni, na kwamba waliokufa wanaweza kubatizwa kwa niaba. Hilo la mwisho laweza kumgusa Mwafrika kuliko linavyomgusa Mmarekani: nani hatamani bibi yake aliyekufa bila kusikia injili apewe nafasi?

Je, ni Wakristo? Wao wanasema ndiyo, na jina la Yesu liko kwenye jina la kanisa lao. Mwaka 2001 Vatikani iliamua kwamba ubatizo wao hautambuliki kama wa Kikristo, kwa sababu maneno ni yale yale ila Utatu unaotajwa si ule ule. Kwa hivyo hili halikuanzishwa na shangazi yako. Hata hivyo, kusema ‘imani yenu na yetu ni tofauti katika jambo la msingi’ si sawa na kusema ‘mnaabudu shetani’. La kwanza ni hoja. La pili ni tusi.

Mkosoaji aliyekataa silaha ya bure

Kuna watu wawili ambao kila anayetaka kuikosoa dini ya mwenzake angefaa kuwajua. Jerald na Sandra Tanner walikuwa mume na mke wa Salt Lake City, wote wamezaliwa katika kanisa hilo. Sandra ni kilembwe wa Brigham Young. Waliondoka, wakaokoka, wakatumia maisha yao kuchapisha nyaraka za zamani za Kimormoni ili watu wazisome wenyewe.

Mwaka 1984 ikaibuka barua iliyodaiwa kuandikwa na Martin Harris mwaka 1830. Ilisema aliyemtokea Smith penye mabamba hakuwa malaika, bali mnyama mweupe aina ya salamanda aliyegeuka kuwa roho. Kwa mkosoaji, hiyo ilikuwa zawadi. Magazeti yalisisimka na viongozi wa kanisa wakahangaika.

Jerald Tanner aliisoma, akatilia shaka. Lugha yake ilifanana mno na kitabu cha 1834 kilichoandikwa kuwapinga Wamormoni. Akachapisha shaka yake waziwazi, ingawa ilimharibia hoja, na ingawa mwanzoni hata mkewe hakukubaliana naye. Mwaka uliofuata, Oktoba 1985, mabomu yaliua watu wawili Salt Lake City. Mtegaji alikuwa Mark Hofmann, mwuza nyaraka aliyeighushi barua hiyo na nyingine nyingi, akijaribu kuficha uongo wake usigunduliwe. Alikiri makosa mwaka 1987.

Linganisha na filamu ya The God Makers ya 1982, iliyooneshwa makanisani kote Marekani ikiwachora Wamormoni kama watu wa kutisha na kuchekesha. Toleo la pili lilipokuja miaka ya 1990, walioandika kupinga baadhi ya madai yake ni akina Tanner hao hao. Na mwaka 2004, Richard Mouw, aliyekuwa mkuu wa seminari ya kiinjili ya Fuller, alisimama katika jumba kuu la Wamormoni mjini Salt Lake City akakiri kwamba Wakristo wa kiinjili wamewashuhudia uongo majirani zao. Hakubadilisha imani yake hata kidogo. Aliomba msamaha kwa uongo tu.

Baada ya Shakahola

Sisi Wakenya tuna sababu ya kuogopa dini tusiyoielewa. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Tangu hapo neno ‘kundi potovu’ si la kutupwa ovyo. Ukilitumia kwa kila kanisa lenye mafundisho usiyoyapenda, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayekusikia.

Tofautisha basi. Kuna swali la kama mafundisho ni ya kweli, na kuna swali la kama kundi lina madhara. La pili lina vipimo vyake. Je, unaruhusiwa kuuliza? Unaruhusiwa kwenda hospitali na shule? Unatengwa na familia? Pesa zinakwenda wapi? Ukitaka kutoka, mlango uko wazi? Yaulize kwa Wamormoni, ambao hutoa fungu la kumi na huiweka familia mbele. Kisha yaulize kwa kanisa lako la mabati penye nabii anayeuza maji ya upako. Majibu yanaweza kukushtua.

Kama unawaza kubatizwa, usiharakishe. Wamisionari watakuomba usome na uombe hadi uhisi jibu moyoni. Omba, hakuna ubaya, lakini hisia nzuri pia huja ukisikiliza kwaya ya Kiadventista au adhana alfajiri. Waulize waziwazi kuhusu mafunjo, kuhusu Helen Mar Kimball, kuhusu 1852. Waombe mzisome pamoja zile makala rasmi za kati ya 2013 na 2015. Wengine hawajawahi kuzisoma. Ni vijana kama wewe, wamejitolea miezi 18 au miaka miwili mbali na kwao. Wasikudharau kwa kuuliza, nawe usiwadharau kwa kutojua.

Na kama wewe ndiye unayetaka kumzuia rafiki yako, anza kwa kumwuliza alichopata huko ambacho hakukipata kwenu. Msikilize mpaka amalize. Halafu mpe hoja moja uliyoihakiki mwenyewe, si video kumi ulizotumiwa. Ile ya nguo za ndani iache. Kila dini ina vazi ambalo mgeni anaweza kulicheka, kuanzia kanzu ya padri hadi kilemba cha Akorino, na hakuna mtu aliyewahi kuacha imani yake kwa sababu alichekwa.

Ukimaliza hayo yote na bado abatizwe, nenda ukamwone. Jumapili inayofuata mkutane mle chapati, muendelee kubishana.